Kigae Hiki Kimetoka Wapi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Vitu vya Kale Uganda

Maswali haya nimeyapokea kwa miaka mingi kutoka kwa wakulima, walimu wenzangu, mafundi wanaochimba misingi ya nyumba, na watoto wanaokuja na mifuko ya kaptula imejaa vipande vya vyungu. Mimi ni mwalimu, nimekulia Bombo. Kazi hii nimejifunza kwa kubeba ndoo na kuchekecha udongo pamoja na watafiti. Ninayoyaandika hapa ni yale ambayo ningependa kila mwenye jembe ayajue.

Nimeokota kigae cha chungu shambani baada ya mvua. Nianzie wapi?

Simama hapohapo ulipokiona. Usikipeleke nyumbani kwanza ukidhani utakumbuka kilikuwa chini ya mgomba gani, maana hutakumbuka. Piga picha kikiwa bado chini, na kando yake weka kitu ambacho ukubwa wake unajulikana, kama kalamu au sarafu ya shilingi 500. Rudi nyuma hatua kumi, upige picha nyingine inayoonyesha mti, njia au nyumba iliyo karibu. Fungua ramani ya simu, bonyeza kwa muda pale uliposimama mpaka namba za latitudo na longitudo zitokee, uzinakili. Kisha andika kijiji, gombolola na wilaya.

Yapo mambo matatu ambayo watu husahau. Kigae kilikuwa juu ya ardhi au ndani ya ukuta wa mtaro? Kama kilikuwa ndani, kilikuwa sentimita ngapi kutoka juu? Na kilikuwa peke yake au vimetapakaa vingi? Kama kimeshikwa na udongo na hakijafukuliwa, kiache hapo. Piga picha tu.

Kwa nini mnakazania mahali kuliko kitu chenyewe?

Mwaka 1929 wafungwa waliokuwa wakichimba kwenye kilima cha Luzira, hapa Kampala, walitoa ardhini kichwa cha mtu kilichofinyangwa kwa udongo, pamoja na vipande vya mwili na vigae vya vyungu. Ni miongoni mwa kazi za sanaa za kale zinazojulikana zaidi Afrika Mashariki, na leo kiko British Museum, London. Lakini kilitolewa na majembe ya ujenzi. Hakuna aliyekuwa amechora tabaka za udongo kabla hakijatoka, wala kuandika kililala vipi na kando ya nini. Kwa hiyo kwa miongo mingi wataalamu walibishana kuhusu umri wake. Kilichokuja kusaidia ni vile vigae visivyopendeza macho vilivyotoka pamoja nacho. Vililinganishwa na vyungu vingine vya mwambao wa Ziwa Victoria, vikaelekeza kwenye miaka elfu moja hivi iliyopita.

Sasa linganisha na Ntusi, wilaya ya Sembabule. Pale hakuna sanamu wala dhahabu. Kuna vichuguu vikubwa vya taka: majivu, vigae, mawe ya kusagia, mifupa ya ng'ombe. Lakini taka hizo zilichimbwa tabaka kwa tabaka, kila mfuko ukiandikwa ulikotoka, na ndiyo maana tunajua kwamba kati ya karne ya 11 na ya 15 palikuwa na mji wa wafugaji waliolima pia nafaka, waliokuwa wakichinja ng'ombe wengi wakiwa bado wachanga. Taka zilizoandikiwa kumbukumbu zimetupa historia ambayo kichwa kizuri kisicho na kumbukumbu kilishindwa kutupa.

Je, sheria inaniruhusu kukusanya?

Kuchimba kwa makusudi ya kutafuta vitu vya kale bila kibali hairuhusiwi, na kuvitoa nje ya nchi bila kibali hairuhusiwi. Sheria ya zamani ilikuwa ya 1967. Sasa kuna Sheria ya Makumbusho na Kumbukumbu ya 2023. Ukikutana na kitu kwa bahati, wakati wa kulima au kujenga, hujatenda kosa lolote. Wajibu wako ni kutoa taarifa. Anza na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), kisha ofisi ya utamaduni ya wilaya au makumbusho: Uganda Museum iko Kira Road, Kampala, na zipo nyingine Soroti, Kabale na Moroto.

Najua hofu iliyopo, na si ya vitu, ni ya ardhi. Mzee mmoja aliniambia wazi, "Mwalimu, nikisema, watakuja na vigingi." Nilimjibu kama ninavyokujibu wewe: kigae kimoja hakigeuzi shamba kuwa eneo la hifadhi. Kutangaza eneo ni utaratibu mwingine kabisa, wenye hatua zake. Na shamba ambalo habari zake zimeandikwa ni rahisi kulitetea kuliko lile ambalo wachimbaji wa usiku wamesikia uvumi wake.

Nitaandikaje maelezo ya kigae? Mimi si msomi.

Usomi hauhitajiki. Unahitaji rula, penseli, mizani ya jikoni kama ipo, na subira. Huu hapa mfano wa maelezo niliyoyaandika mwenyewe:

*Namba 014. Kigae kimoja cha mdomo wa chungu. Kiliokotwa juu ya ardhi, ndani ya mfereji wa maji ya mvua, mita 12 kaskazini mwa kisima. Urefu sm 6.2, upana sm 4.8, unene mm 9 mdomoni na mm 7 shingoni. Uzito gramu 41. Rangi ya nje kahawia nyekundu, ya ndani nyeusi. Mvunjiko unaonyesha kijivu katikati. Udongo una chembe za mawe meupe, kubwa kuliko zote mm 2. Mdomo umepinda nje, ukingo ni wa mviringo. Kuanzia sm 1.5 chini ya ukingo kuna nakshi ya kamba iliyosokotwa, imebiringishwa kwa ulalo. Masizi upande wa nje, chini ya shingo. Ndani pamelainishwa, kuna mikwaruzo myembamba ya mlalo. Mvunjiko mmoja ni mpya, mingine ni ya zamani.*

Ona kwamba hakuna neno "kizuri", hakuna "cha ajabu", hakuna "cha kifalme". Ukiandika "cha ibada" umeshatoa hukumu kabla ya kuangalia, na atakayesoma baada yako ataibeba hukumu hiyo kama ushahidi. Andika kinachoonekana na kinachopimika.

Kila neno katika mfano ule lina kazi. Kijivu cha katikati kinaeleza kwamba chungu kilichomwa kwa moto wa wazi ambao haukukaa muda wa kutosha kuunguza vitu vyote vya mimea vilivyokuwa kwenye udongo. Chembe za mawe zinaweza kuonyesha udongo ulichotwa wapi. Masizi yanaonyesha chungu kilipanda jikoni, si cha kuhifadhia maji. Na mvunjiko mpya unakuonya kwamba kipande kingine cha chungu hichohicho pengine bado kiko pale. Jembe limekipasua jana.

Nakshi ndiyo inayowachanganya wengi. Tafuta uzi wa katani, usokote vizuri, kisha ubiringishe kwa kidole juu ya bonge la udongo mbichi. Utaona safu za vishimo vidogo vilivyolala upande mmoja kama punje za mtama. Hiyo ndiyo nakshi ya kamba iliyosokotwa. Ukisuka ukindu au jani kuwa ukanda wenye mafundo na kuubiringisha, vishimo vitajipanga tofauti. Dakika tano za kujaribu hivi zitakufundisha macho kuliko picha hamsini.

Kupima upana wa mdomo wa chungu kizima kwa kutumia kipande: chora kwenye karatasi kubwa duara moja ndani ya jingine, kila moja likizidi la ndani kwa sentimita 2. Pindua kigae, simamisha ukingo wake juu ya karatasi, usogeze mpaka ulale sawasawa kwenye duara mojawapo bila mwanga kupita chini yake. Duara hilo ndilo mdomo wa chungu. Mara ya kwanza nilipofanya hivi kipande kilichotosha kiganjani kilikaa kwenye duara la sentimita 34. Nilikuwa nimeshika ukingo wa chungu cha kulisha watu wengi.

Nitajuaje umri wake?

Kwa mtu wa shambani, nakshi na umbo ndivyo vinavyoanza kusema. Vigae vya Kansyore, vilivyopewa jina la kisiwa kilicho katika Mto Kagera, ni vya wavuvi na wawindaji walioishi kabla ya chuma kufika. Vyungu vya Urewe, jina lake likitoka magharibi mwa Kenya, vina kingo zilizokatwa kwa mshazari, mistari iliyochorwa kwa mkono ulio makini, na mara nyingine kishimo kwenye kitako. Ni vya wakulima na wahunzi wa kuanzia takriban 500 KK hadi karne ya 8 BK. Nakshi za kubiringishwa zilienea sana kuanzia milenia ya pili BK, na baadhi ya wafinyanzi wanazitumia hadi leo. Kwa hiyo nakshi ya kamba peke yake haitoshi kusema kitu ni cha kale.

Umri wa miaka hutoka maabara, hasa kwa kupima kaboni kwenye mkaa, mbegu zilizoungua au mifupa. Hapo tena tunarudi kwenye mahali: mkaa unaopimwa lazima uwe umetoka tabaka moja na kigae.

Je, Uganda ilikuwa na "enzi za kati"?

Neno hilo, linalotaja takriban karne ya 5 hadi ya 15, limekatwa kwa kipimo cha Ulaya. Miaka ile ilikuwepo hapa pia, na ilikuwa na shughuli nyingi: Ntusi, mahandaki ya Bigo bya Mugenyi yenye urefu wa zaidi ya kilomita 10 karibu na Mto Katonga, mahandaki ya Munsa, na kijiji cha chumvi cha Kibiro kando ya Ziwa Albert. Kwenye lebo andika karne. Kila mtu ataelewa.

Wazee wanasema kitu hiki ni cha Wachwezi. Niandike hivyo?

Wachwezi ni watawala wa kale wanaotajwa katika simulizi za eneo hili. Andika, lakini mahali pake. Tenga mstari unaosema: "Kwa maelezo ya mwenye shamba, ni cha Wachwezi," uweke tarehe, na kama mwenyewe ameridhia, uandike ni nani. Simulizi ni ushahidi wa jinsi watu wanavyolikumbuka eneo lao, na ushahidi huo una thamani kubwa. Ila usiuchanganye na vipimo. Bigo ilichimbwa na wanaakiolojia mwaka 1957 na 1960, na mjadala kuhusu uhusiano wa mahandaki yale na Wachwezi haujaisha. Lebo yako isiufunge kwa neno moja.

Na tafadhali, msikilize mzee mpaka mwisho kabla ya kutoa rula.

Nimekuta vigae maelfu mahali pamoja. Palikuwa na mji?

Huenda, huenda sivyo. Kibiro kuna lundo la vigae lenye kina cha mita kadhaa, na sababu kubwa ni kuchemsha chumvi. Wanawake wa pale wamekuwa wakichuja udongo wenye chumvi na kuchemsha maji yake kwa karibu miaka elfu moja, na chungu cha chumvi hakidumu. Kabla ya kusema mji, tafuta majivu, mifupa, mawe ya kusagia na sakafu.

Shanga na simbi je?

Hapa pana uhondo, maana kitu kidogo kama punje ya mchele kinaweza kuwa kimesafiri kutoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Shanga za kioo zimepatikana Ntusi na Munsa, ndani kabisa ya bara. Chukua lenzi ya mkono, uangalie mapovu na mistari ndani ya kioo. Ikifuata urefu wa tundu, ushanga ulikatwa kutoka kwenye mrija uliovutwa. Ikizunguka tundu, kioo kilizungushiwa kwenye kijiti cha chuma. Pima kipenyo, urefu na tundu kwa milimita. Andika rangi, na kama mwanga unapita au haupiti. Usiutie kwenye uzi na shanga nyingine, hata kama unapendeza.

Simbi, yaani kauri, pia ni wasafiri wa pwani. Katika Buganda zilikuwa fedha, na hadi leo Mganda akitaja pesa husema *ensimbi*, neno ambalo sisi wa Kiswahili tunalisikia bila kutafsiriwa. Hesabu simbi zako, angalia kama mgongo umetobolewa au kusuguliwa ili zitungwe, na kama kuna pete ya manjano juu yake. Ile yenye pete ni aina tofauti na ile isiyo nayo, na watafiti huitumia tofauti hiyo kutafuta njia za biashara.

Nimepata jiwe zito jeusi lenye matundu. Ni kimondo?

Karibu kila mara ni mavi ya chuma, yaani taka za kuyeyushia madini. Tazama kama uso wake umetiririka kama uji uliomwagika na kuganda. Tafuta karibu yake vipande vya bomba la udongo ambalo ncha yake moja imeyeyuka na kuwa kama kioo. Ulikuwa mdomo wa mvukuto. Ukivipata vyote viwili, umesimama mahali pa tanuri. Piga picha, toa taarifa, usichimbe hata kidogo, kwa sababu tanuri lililobaki ardhini lina mkaa wa kupimia umri. Munsa palipatikana tanuri kama hilo.

Na mawe yaliyochongwa?

Chora pande mbili, pima, andika. Usiyapige kwa chuma kujaribu ugumu.

Nina sarafu ya kale. Inauzwa bei gani? Nimesikia rupia huvuta mchele.

Naomba nilijibu hili kwa uzito, kwa sababu nimeona familia ikiuza ng'ombe wawili kwa ajili yake. Hakuna sarafu inayovuta mchele. Rupia ya 1888 ya kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ni ya madini ya fedha, na madini hayo hayavuti hata sindano. Anayekuonyesha punje zikisogea anakuonyesha kiini macho, kisha atadai hela za "kupima" au za "mnunuzi kutoka nje". Mtu wa namna hiyo mpeleke polisi.

Kuhusu maelezo: andika maandishi ya pande zote mbili herufi kwa herufi, kipenyo, uzito, na kama kuna tundu. Senti za Afrika Mashariki zenye tundu katikati karibu zote ni za enzi za ukoloni, zipo nyingi sana. Na usiamini mwaka peke yake: dola ya Maria Theresa, iliyotumika sana Ethiopia na mwambao wa Bahari ya Shamu, iliendelea kutengenezwa miaka mingi baadaye ikiwa na mwaka uleule wa 1780.

Niisafishe?

Sarafu na chuma, hapana. Chini ya kutu ya chuma kunaweza kuwa na alama ya kitambaa au mti wa mpini, na ukiikwangua umeifuta.

Kigae kilicho imara unaweza kukisuuza kwa maji matupu na brashi laini ya meno, ila usiguse masizi wala ukoko wa ndani. Hili nalisema kwa uchungu. Kipande cha kwanza nilichojivunia nilikisugua kwa sabuni na waya ya kusafishia sufuria mpaka kikang'aa. Mtafiti mmoja alikigeuza mkononi, akaniuliza kwa upole kama ndani palikuwa na ganda jeusi. Palikuwa nalo. Lilikuwa chakula kilichoungua, kilichoganda humo kwa mamia ya miaka. Lingeweza kupimwa umri, na pengine kueleza kilichopikwa. Mimi nililimwaga na maji ya sabuni nyuma ya jikoni.

Nitatunzaje nilivyo navyo?

Kaveera (mfuko wa plastiki) iliyofungwa kabisa hufuga unyevu. Itoboe matundu madogo, au tumia bahasha za karatasi. Lebo mbili, moja ndani na moja nje, kwa penseli, maana wino wa kalamu hutawanyika ukilowa. Chuma kikae pakavu, mbali na jiko. Daftari liwe na nakala, hata ya picha ya simu.

Naweza kununua vitu vya kale kwenye masoko ya sanaa?

Nunua kazi za mafundi wa leo kwa moyo mweupe, zinalisha nyumba nyingi. Lakini kinyago kilichopakwa kiwi ya viatu na kutundikwa juu ya moshi hakijawa cha kale, na vingi vinavyouzwa hapa kwa sifa hiyo havina asili ya Uganda. Kama kweli ni cha kale na muuzaji hawezi kusema kilitoka wapi, kuna mahali kimeng'olewa. Mimi sinunui, wala simshauri yeyote anunue, hata kwa nia ya kukiokoa. Mnunuzi ndiye anayemrudisha mchimbaji shambani kesho yake.

Nikikuta mifupa ya binadamu?

Acha kuchimba. Funika taratibu. Mwite mwenyekiti wa LC1 na polisi. Hivyohivyo kwa vitu vilivyowekwa kwenye sabo (nyumba ya ibada ya jadi) au chini ya mti wa tambiko: hivyo vina wenyewe, hata kama humwoni mtu.

Vitu vyetu vilivyo ng'ambo vitarudi?

Baadhi vimerudi. Vitu vitakatifu vya Kibuuka, mungu wa vita wa Baganda, vilipelekwa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kupitia mmisionari John Roscoe, vikarudishwa mwaka 1962. Mwaka 2024 chuo hichohicho kilileta Uganda Museum vitu 39, kwa mkopo wa miaka mitatu kwa kuanzia. Neno "mkopo" linawauma wengi, nami linaniuma. Kazi kubwa iliyobaki ni kutafuta ukoo, kijiji na matumizi ya kila kimoja, kwa kuwa vingi viliandikwa na wageni kwa maneno machache mno.

Nina mtungi wa nyanya yangu tu, si wa kale. Una maana yoyote?

Una maana kuliko vigae vingi vilivyo kwenye makabati, kwa sababu mwenyewe bado anaweza kuulizwa. Kaa naye leo jioni, washa simu irekodi. Muulize udongo ulichimbwa bonde gani, nani aliufinyanga, mtungi ulinunuliwa kwa kitu gani, ulichomwa kwa kuni za mti gani, na kwa nini haweki maziwa humo. Muulize jina la nakshi ile ya shingoni kwa lugha yake, na uliandike kama anavyolitamka. Kisha pima mtungi kama ulivyopima kigae: urefu, mdomo, tumbo, unene. Na pale ukingo ulipochongoka, muulize ni nani aliuangusha, na mwaka gani.